Kutafuta Mpira wa Vespa Bahla

Mpira wa nyuma wa Vespa yangu ulinionya mwezi wa Aprili. Nilikuwa nimeinama nafuta vumbi, nikaona ubavu wake umeota nyufa nyembamba, mfano wa udongo wa falaji, mfereji wetu wa maji, iliyokauka. Nilipoubonyeza kwa kidole gumba, nyufa zikafumbuka na nyuzi za ndani zikachungulia. Mpira uliofika hapo hauzibwi wala haupakwi dawa. Huvuliwa, ukatafutwa mwengine.

Ninakaa Bahla, Oman, ndani ya ukuta wa udongo unaouzunguka mji na mashamba yake ya mitende kwa kiasi cha kilomita 12. Watu wanaujua mji wetu kwa ngome yake, kwa wafinyanzi wake na kwa hadithi za majini. Kwa pikipiki haujulikani. Njia zetu ni za pikapu na magari ya milimani, na tangu nianze kuiendesha Vespa hapa sijapishana na mwenzangu hata mmoja.

Nimezaliwa Unguja. Baba alikuwa na Vespa ya kijivu, na kila asubuhi alinisimamisha mbele yake, mikono yangu midogo katikati ya mikono yake kwenye usukani, akanipeleka skuli. Tulipohamia Oman katikati ya miaka ya 1970 nilikuwa na miaka 12, na Vespa ikabaki kwa jirani. Nilisoma, nikasomesha hesabu miaka 30, nikastaafu. Ndipo nilipoipata hii, Vespa 150 Super ya mwaka 1974, kwa mzee mmoja wa Ruwi aliyekuwa ameifunika turubai miaka mingi. Nilipiga kiki mara nne ikawaka, na ile harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ikanifikisha Unguja kabla sijatoka uani kwa yule mzee.

Nayaandika haya kwa sababu safari ya kuutafuta mpira mmoja ilinifunza jambo ambalo kila mwenye chombo kisichokuwa cha kawaida anapaswa kulijua, na kwa sababu jambo hilo nililijua kwa kuchelewa, nikiwa barabarani.

Gurudumu la nyigu

Vespa kwa Kitaliano ni nyigu. Kampuni ya Piaggio iliiandikishia hataza mjini Florence tarehe 23 Aprili 1946. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki za wakati ule hakuzipenda: mnyororo ulichafua nguo, na pancha ilimtesa mtu njiani. Kwa hivyo alilishika gurudumu kwa upande mmoja tu, kama linavyoshikwa gurudumu la ndege. Mtu afungue nati, alichomoe, atie la akiba, aende zake. La mbele na la nyuma ni sawasawa, kwa hivyo la akiba linafaa popote.

Magurudumu ya mwanzo yalikuwa madogo sana, ya inchi 8. Mwaka 1955 ikatoka Vespa ya GS yenye magurudumu ya inchi 10, na Vespa nyingi zilizofuata zikaelekea huko. Lakini Super, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965, ilibaki na inchi 8. Nchini India, Bajaj walianza kuunda Vespa kwa leseni ya Piaggio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndio hao hao ambao pikipiki zao za magurudumu matatu zimetupa jina la bajaji, na kwa sababu yao mipira ya inchi 8 inaendelea kupatikana India na Afrika Mashariki mpaka leo.

Oman hakuna bajaji barabarani. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Namba ile ile

Nilianzia kwa banshar, kama wanavyoyaita hapa maduka ya kuziba pancha na kuuza matairi. Fundi aliliangalia gurudumu langu, akalipima kwa shibiri, akaingia ghalani. Akatoka na tairi jipya jeusi, linanukia upya. Ubavuni limeandikwa 3.50-8. Tairi langu kuukuu nalo limeandikwa 3.50-8.

"Namba ile ile, baba," aliniambia kwa Kiarabu cha dukani.

Ilikuwa kweli. Nikalipa rial tatu, akanivalishia, nikamshukuru Mungu kwa wepesi.

Kesho yake jioni nilitoka kwenda Jabrin, kwenye ngome, safari fupi ya barabara nzuri. Njiani nikaanza kuhisi kama kwamba chombo kinayumba kiuno. Kwanza nilidhani ni upepo. Nikapunguza mwendo, kuyumba kukazidi. Nikasimama pembeni, nikachuchumaa, nikaligusa tairi, nikauondoa mkono haraka kwa moto wake. Ubavuni palikuwa pamevimba, uvimbe wa kiasi cha ndimu iliyokatwa nusu.

Nikawasha taa ya simu, nikasoma ubavu mzima, jambo ambalo sikulifanya dukani. Chini ya namba zile kubwa palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza yanayosema kwamba tairi hili si la kutumika barabara kuu. Lilikuwa tairi la toroli, toroli la mjenzi la kubebea mchanga na matofali. Ukubwa wake ni ule ule wa mpira wa Vespa. Kazi yake siyo.

Nilirudi nyumbani naisukuma Vespa kwa miguu. Yule fundi hakunidanganya. Namba aliyonionesha ilikuwa sahihi. Ila mimi niliondoka nimetosheka na namba moja, na tairi lina namba zaidi ya moja.

Hesabu ya tairi dogo

Usiku ule nilichukua kalamu. Ringi ya Vespa yangu ina kipenyo cha inchi 8. Juu yake lipo tairi la kiasi cha inchi tatu na nusu, na chini yake vivyo hivyo. Jumla inchi 15, yaani sentimita 38. Kwa hivyo likizunguka mara moja, linakwenda kiasi cha mita 1.2.

Mtu anayesukuma toroli anakwenda mwendo wa miguu, kilomita 4 kwa saa. Gurudumu lake linazunguka mara 55 kwa dakika. Mimi kwenye njia ya Jabrin nilikuwa naenda kilomita 60 kwa saa. Kwa mwendo huo gurudumu langu linazunguka zaidi ya mara 830 kwa dakika. Kila mzunguko, sehemu inayogusa lami inabonyea kisha inanyooka, na kila kubonyea kunazaa joto kidogo ndani ya mpira. Mara 830, dakika baada ya dakika, juu ya lami iliyochomwa na jua mchana kutwa, tena mimi nimekaa juu yake. Tairi la toroli halikuundwa lihimili hayo. Nyuzi zake na gundi yake vinaachana kutoka ndani, na wewe uliye juu huvioni.

Ndiyo sababu matairi ya barabarani huandikwa pia namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Kwenye mpira wa Vespa wa inchi 8 utakuta, kwa mfano, 46J. Namba 46 maana yake tairi linaweza kubeba kilo 170. Herufi J maana yake mwendo wake wa mwisho ni kilomita 100 kwa saa. Herufi L ni kilomita 120, P ni 150, S ni 180, H ni 210.

Ifanyie hesabu ya nyumbani kwako. Vespa ina karibu kilo 100. Mimi nina kilo 80, mke wangu kilo 65. Jumla 245, na gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya nusu. Kilo 170 zinatosha. Ukiongeza gunia la tende nyuma, zinaanza kukaribia kutotosha. Tairi lisilokuwa na namba hiyo wala herufi hiyo halikuahidi kitu chochote.

Picha nne kutoka Unguja

Niliteremka Maskati, mwendo wa kilomita kama 200, nikazunguka Wadi Kabir duka kwa duka. Inchi 10 na inchi 12 nilizikuta, na za pikipiki kubwa pia. Inchi 8 za barabarani sikuzikuta. Nikampigia simu mtoto wa dada yangu, yuko Unguja, na wiki mbili mbele yake alikuwa na safari ya kuja kututembelea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nitafutie mpira wa Vespa, tatu na nusu kwa nane. Lakini kabla hujalipa, nipigie picha ubavu wake wote, siyo jina tu."

Picha ya kwanza ilikuja siku ile ile: 4.00-8. Hilo ni tairi la bajaji. Linaingia kwenye ringi ya inchi 8, lakini ni pana kwa nusu inchi zaidi, karibu milimita 13, na urefu wake nao unazidi. Vespa haikuachiwa nafasi ya kuchezea baina ya tairi na bodi. Likigusa chuma kwa sababu ya mzigo au shimo, linajikata lenyewe. Nikamwambia hapana.

Picha ya pili: 3.50-10. Hili ni la Vespa kweli, la PX na nyenginezo za inchi 10. Upana ni sawa na wangu. Ringi ndiyo si sawa, na inchi mbili za ringi haziombewi msamaha. Hapana.

Picha ya tatu ilinifurahisha, 3.50-8, 46J, la barabarani. Nikamwomba aligeuze, atafute alama za DOT na tarakimu nne za mwisho, kwenye kiduara kirefu mfano wa yai. Akanipigia: 2211. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 22 ya mwaka 2011. Tairi halijawahi kugusa lami hata siku moja, na bado lilikuwa limezeeka, kwa sababu mpira unakauka hata ukiwa rafuni. Watengenezaji wengi wakubwa wanasema tairi lisitumike likipita miaka 10 tangu kuundwa, hata kama meno yake ni mazima, na likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka. Mwenye duka alikuwa tayari kupunguza bei. Nikamwambia mpwa wangu amshukuru, aende duka jengine.

Picha ya nne ilichukua siku tano. Tairi limetengenezwa India, 3.50-8, 46J, tarehe 4124: wiki ya 41 ya mwaka 2024. Ubavu laini, hauna ufa. Nikamwambia, "Chukua mawili, na tyubu mbili za Vespa, zenye valvu iliyopinda." Tairi la sentimita 38 linaingia kwenye sanduku la safari. Alikuja nayo baina ya nguo zake na kilo mbili za karafuu, na matairi yakanukia karafuu mwezi mzima.

Kuvua na kuvisha

Hapa naomba msomaji asome polepole, kwa sababu kosa lake linaweza kumtoa mtu jicho.

Ringi ya Vespa ni mabati mawili yaliyofungwa pamoja kwa nati, kama sahani mbili zilizopigana migongo. Kwa hivyo huhitaji vyuma vya kubenulia tairi. Unafungua nati, nusu mbili zinaachana, tairi linatoka lenyewe. Lakini zipo nati za aina mbili. Zipo zinazolishika gurudumu kwenye drumu la breki, na zipo zinazozishika nusu mbili za ringi. Ukifungua hizi za pili tyubu ikiwa na upepo, upepo huo utazirusha nusu mbili kwa nguvu usoni mwako.

Kwa hivyo kwanza chomoa sindano ya valvu. Subiri mpaka usisikie mlio. Libonyeze tairi kwa goti uone limelala. Baada ya hapo ndipo ushike spana.

Nilifanya kazi hiyo uani siku ya Ijumaa baada ya sala ya asubuhi, kabla jua halijakaza. Ndani ya ringi nilikuta kutu nyekundu iliyojikusanya pale mabati yanapokutana. Nikaisugua kwa msasa, nikapaka rangi, nikaiacha ikauke siku nzima, kwa sababu kutu ina meno, na meno hayo hula tyubu. Kesho yake nikaipaka tyubu poda ya mtoto ili isijikunje wala kung'ang'ania tairi, nikaitia upepo kidogo tu ipate umbo, nikaiweka ndani ya tairi, kisha nusu ya kwanza ya ringi, kisha ya pili. Kabla ya kukaza nilipitisha kidole mzunguko mzima kuhakikisha tyubu haikubanwa baina ya mabati. Nati nikazikaza kwa kupishana, ya huku kisha ya ng'ambo yake, kidogo kidogo.

Upepo nikatia kwa kipimo cha kitabu cha Vespa. Hukumu ya mkono haitoshi, kwa sababu tairi dogo lina hewa kidogo ndani yake na upungufu mdogo linausikia haraka. Kisha nikaendesha kwa utulivu kilomita 150 za mwanzo, maana tairi jipya lina utelezi mpaka ngozi yake ya juu iishe.

Kwa wenye vyombo vyengine

Kama pikipiki yako siyo Vespa, kanuni ni zile zile. Pikipiki nyingi za zamani ziliandikwa kwa inchi, kwa mfano 4.00-18. Matairi ya leo huandikwa kwa milimita: 110/90-18 ni upana wa milimita 110, urefu wa ubavu ni asilimia 90 ya upana huo, na ringi ya inchi 18. Aghalabu 110/90 hutumika badala ya 4.00, lakini hakikisha kwanza nafasi ya bodi, mnyororo na upana wa ringi yako. Kipenyo cha ringi peke yake ndicho kisichokuwa na mbadala.

Wapo pia waliokamatwa na mtindo wa miaka ya 1980, wakati baadhi ya viwanda vilipotia gurudumu la mbele la inchi 16 kwenye pikipiki za mbio. Kawasaki GPZ900R ya mwaka 1984 ni mojawapo, 120/80-16 mbele na 130/80-18 nyuma. Mtindo ukapita, inchi 17 ikatawala, na wenye inchi 16 wakabaki kuagiza kutoka mbali. Vipo viwanda vinavyowaangalia wenye vyombo vya kale, kama Heidenau cha Ujerumani. Ukiagiza kutoka nje kuja Oman, juu ya bei na nauli weka ushuru wa forodha wa asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza mwezi wa Aprili 2021. Agiza mawili kwa pamoja. Usiagize manne ukayaweka, kwa sababu mawili yatakuzeekea ghalani.

Na usidharau kuuliza watu. Duka lilinipa tairi la toroli. Aliyenipa tairi la Vespa ni mtoto wa dada yangu, kwa kuwa Unguja Vespa bado zinatembea na wauzaji wanazijua kwa majina. Kila chombo adimu kina mji ambao si adimu. Utafute mji huo, mpate mtu ndani yake.

Hapa Bahla tuna mfano wake mkubwa. Ngome yetu iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikaandikwa miongoni mwa urithi ulio hatarini. Ilitolewa katika orodha hiyo mwaka 2004, baada ya kazi ndefu. Ngome ya udongo huponywa kwa udongo na kwa mtu anayeujua. Vespa nayo inataka kilicho chake.

Lile tairi la toroli nimempa jirani yangu anayejenga, na linafanya kazi yake vizuri kabisa. Namba za Vespa nimeziandika kwenye daftari: ukubwa, mzigo, mwendo, tarehe ya kila tairi, aina ya tyubu. Daftari liko kwenye kisanduku cha Vespa, na mwanangu anajua lilipo. Nawe fanya hivyo leo, chombo chako kikiwa kizima. Na siku utakapoambiwa dukani kwamba namba ni ile ile, usitoe pesa kwanza. Chuchumaa, ligeuze tairi, usome ubavu wake mpaka neno la mwisho.